.223 au .22-250 kwa kangaruu? Anza na kichwa cha mnyama

Mkuu, umeuliza kama bunduki ya kaliba .223 Remington inatosha kwa kangaruu wa Australia au uongeze hela uchukue .22-250, na kuna mdau amekushauri .243 "ili uwe na uhakika". Chukua .223. Nitaeleza kwa nini.

Kangaruu ni mnyama anayelindwa na sheria, hapigwi bila kibali cha jimbo. Kwa wawindaji wa biashara, mwongozo wa kitaifa wa 2020 unataka risasi itue kwenye ubongo, na machinjio hayataki mzoga wenye tundu mwilini. Hata dume kubwa jekundu, ubongo wake ni mdogo kama limau. Risasi ikiupata, kaliba yoyote kati ya hizo tatu inamwangusha papo hapo. Ikipita sentimita chache chini, inavunja taya, na mnyama anakimbia gizani kwenda kufa kwa njaa. .243 haiponyi kosa hilo. Tena inapiga teke zaidi begani, darubini inaruka, na huoni risasi imetua wapi. Ile .22 ndogo ya sungura nayo iache kabisa, haifai kwa kangaruu.

Sasa .223 na .22-250. Zote hurusha risasi ya greni 55 (gramu 3.6). Ya kwanza huitoa mtutuni kwa takriban mita 990 kwa sekunde, ya pili kwa takriban 1,120. Ukilenganisha darubini kwa mita 100 (yaani ukiirekebisha hadi risasi itue pale unapolenga kwa umbali huo), basi kwenye mita 200 .223 huwa imeshuka sentimita 8 hadi 10, na .22-250 sentimita 6 au 7. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma .223 zaidi ya sentimita 10 kwenye mita hizo 200, na .22-250 hupunguza kama sentimita 2 tu. Kwa hiyo zote mbili zinaukosa ubongo usiposoma upepo. Dawa ni kusogea karibu, usiku wenye upepo usivuke mita 100. Na kwa faida hiyo ndogo, .22-250 inakula baruti karibu greni 35 badala ya 25, mtutu unapata moto upesi na koo lake (mwanzo wa mtutu, pale risasi inapoingilia) linalika mapema. Kwa anayepiga wanyama wengi kila usiku, hiyo ni gharama ya kweli. .222 ya zamani bado ni nzuri sana kwa umbali huo, shida ni kwamba risasi zake ni adimu kuliko za .223.

Wengi wanaharibu kwenye kulenganisha. Wanaweka mita 200 kwa sababu wamesikia ndivyo wafanyavyo wawindaji wa mbweha. Matokeo yake, kwenye mita 100 risasi inapita sentimita 4 hadi 5 juu ya alama, na kwa shabaha ya ukubwa wa limau hiyo ni risasi iliyopotea. Weka mita 100.

Kabla ya kununua, uliza mzunguko wa mtutu. 1:12 maana yake risasi inazunguka mara moja kila inchi 12. Hiyo inabeba greni 55 vizuri, lakini greni 69 itayumba, inahitaji 1:9. Nunua risasi za kupanuka, zenye ncha laini au ncha ya plastiki. Zile zilizofunikwa shaba nzima hupenya bila kupanuka, na kwenye ardhi ngumu ya kule huruka zikaenda usikokujua. Mtutu uwe mnene kiasi, maana mwembamba ukishapata moto baada ya risasi tatu au nne huanza kutawanya.

Usiku wenyewe, ukipiga kutoka garini, zima injini, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, na mwenzako anayemulika taa atulie kabisa. Akijikuna tu, gari linatikisika na utauona mtikisiko kwenye darubini. Mnyama akigeuza kichwa, ngoja.

Kila mara kabla ya kutoka, piga risasi tatu kwenye karatasi kwa mita 100, mtutu ukiwa baridi. Zikitawanyika zaidi ya sentimita 3, kaza skrubu za darubini na ujaribu tena. Zikikataa bado, usitoke usiku huo.