Sayansi ya kompyuta inatosha?

Umeuliza kama shahada ya sayansi ya kompyuta inatosha kwa anayetaka uhandisi wa programu. Inatosha, ndugu, ila usisubiri darasa likupe kila kitu. Algoriti (hatua za kutatua tatizo), miundo ya data (namna ya kuipanga data) na mifumo endeshi (kama Windows au Linux) vishike kwelikweli, maana ni vigumu kujifunza peke yako baadaye. Uhandisi wenyewe, jina lililovuma tangu mkutano wa NATO wa 1968 kule Garmisch, Ujerumani, unaanza pale msimbo wako unapoguswa na wengine. Anza kutumia Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, mwaka wa kwanza, na andika mapema majaribio, yaani msimbo wa kuhakiki kwamba programu yako inafanya kazi. Mimi nilielewa hilo nilipofungua kazi yangu ya miezi 6 nyuma: vigeu vyote, yaani majina ya kuhifadhia thamani, nimeviita a, b na x, jaribio hata moja hakuna, sikujua pa kuanzia.