Nairobi hadi New York: mbona tiketi inasema saa saba?

SWALI: Nasafiri Januari kutoka JKIA hadi JFK, New York, kwa ndege ya moja kwa moja. Tiketi inaonyesha kuondoka 23:25 na kufika 06:25, yaani saa saba tu! Mtandaoni nimeona umbali ni kilomita 11,850. Ndege ikienda 900 kwa saa, napata kama saa 13. Kijana wangu aliye huko anasema nijiandae kukaa kitini saa 15. Nimwamini nani, na aje kunipokea saa ngapi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwamini kijana. Tiketi huandika saa za kila uwanja kivyake: 23:25 ni ya Nairobi, 06:25 ni ya New York. Januari, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Ongeza 8 kwenye 06:25, unapata 14:25, au saa nane na dakika 25 mchana wa Nairobi. Kutoka saa tano na dakika 25 usiku hadi hapo ni saa 15 kamili. Ila angalia mwezi: Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kati ya tarehe hizo tofauti ni saa 7, kwani Kenya haigusi saa zake.

Hesabu yako ya saa 13 imekosea pale ilipodhani njia ni nyoofu na anga imetulia. Hizo kilomita 11,850 ni mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe: Uganda, Sudan Kusini, Darfur, Chad, Niger, Algeria, Morocco, halafu Atlantiki. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 anga yake ilifungwa, na ndege zikalazimika kuzunguka. Kikokotoo cha mtandaoni hakijui hayo.

Mwizi mkubwa wa muda, hata hivyo, ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini hewa ya juu huvuma kutoka magharibi, na hukaza zaidi majira ya baridi. Ukienda Marekani ni upepo wa mbisho. Ukikupunguzia wastani wa kilomita 80 kwa saa, 900 inabaki 820, na safari inafika karibu saa 14 na nusu. Weka na dakika za kutambaa ardhini, kupanda na kushuka, maana muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoachia geti hadi inapoegeshwa. Wakati wa kurudi upepo huohuo unasukuma, na safari hupungua kwa kama saa moja.

Kuhusu mapokezi, 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, wala si saa sita. Baada ya hapo kuna foleni ya pasipoti na kusubiri mabegi, kwa hiyo aje saa mbili asubuhi. Mtumie na tarehe ya kufika, ambayo ni siku inayofuata: kwenye tiketi huandikwa +1 kando ya saa, kwa herufi ndogo mno.