Maswali ya Santuri: Rumba, Taarab na Jazz Rafu Moja

Barua zimelundikana tangu tulipogusia habari za santuri hapa. Zinazofanana nimezijibu kwa pamoja.

Shikamoo mzee. Nina santuri za rumba, taarab, jazz, reggae, nyimbo za filamu za Kihindi na kwaya chache. Nizipange kwa aina ya muziki au kwa majina ya wasanii? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Rafu ni yako, lakini mimi kupanga kwa aina ya muziki nimeshaacha, kwa sababu muziki wenyewe haukukua kwa kutengana. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, nyingi zikiwa za Cuba, zikauzwa Afrika Magharibi na Kongo. Vijana wa Léopoldville (sasa Kinshasa) wakazisikiliza mpaka wakayahamishia kwenye gitaa yale yaliyokuwa yakipigwa kwenye piano. Sasa wewe ukiiweka Cuba rafu ya juu na OK Jazz, bendi ya Kongo, rafu ya chini, umewatenga ndugu.

Taarab ni vilevile. Juma Bhalo wa Mombasa alisifika kwa kutia mashairi ya Kiswahili kwenye tuni za filamu za Kihindi. Ukisikiliza Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) zinakupeleka moja kwa moja Cairo. Kwangu Bhalo anakaa na Wahindi, Ikhwani Safaa wanakaa na Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, na mgeni akiuliza kwa nini, namwekea upande mmoja wa huku na mmoja wa kule. Haulizi tena.

Fuata uzi huo utaona unakofika. Manu Dibango wa Kamerun alipiga na African Jazz ya Kabasele mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 akatoa "Soul Makossa", ikachezwa hadi kwenye kumbi za dansi za New York. Kwa hiyo saksafoni yake ni daraja kutoka rumba hadi soul na disko za Marekani, na hapo ndipo ilipo kwenye rafu yangu. Kwaya ziache peke yake. Jumapili hazihitaji kutafutwa.

Babu ameacha sahani nzito nyeusi zilizoandikwa 78. Nataka kuzisafisha kwa spiriti kisha nizipige kwenye mashine yangu mpya. (Msomaji, Tanga)

Spiriti iweke mbali kabisa! Sahani hizo si za plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu, na shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Ndivyo mafundi seremala wanavyopata polishi ya kung'arishia makabati. Ukiipitisha pamba yenye spiriti juu ya sahani, unaifuta sauti. Tumia kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni isiyo kali, usiiloweshe lebo, kausha hapo hapo.

La pili ni sindano. Sindano ya santuri za kawaida ina ncha ya takriban mikroni 18 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali mifereji ya 78, yaani sahani za mizunguko 78 kwa dakika, inataka ncha ya kama mikroni 70. Ile nyembamba inazama hadi chini na kusomba uchafu wa miaka yote, nawe utasikia mkwaruzo kuliko mwimbaji. Mashine nyingi zinakubali kubadilishiwa sindano, lakini hakikisha kwanza kama yako ina mwendo wa 78. Na kinyume chake: santuri ya plastiki usiipeleke kwenye gramafoni ya kupiga hendeli. Ile sindano ya chuma itaichimba.

Angalia lebo kwa makini. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, na sahani zake zilienea pwani yote. Ukikuta jina lake, usiipige kwa majaribio. Mtafute mwenye vifaa sahihi airekodi kidijitali kwanza. Na ibebe kwa mikono miwili, maana shelaki ikianguka haina "bahati nzuri".

Kaka, nimenunua sahani ndogo ya bendi ya dansi ya miaka ya 1970. Wimbo unafifia pale pale unaponoga. Imeharibika? (Msomaji, Morogoro)

Igeuze, ndugu yangu! Upande mmoja wa sahani ndogo ya 45 hubeba kama dakika tatu hadi tano, na bendi za dansi hazikuwa na haraka hiyo. Basi fundi mitambo aliushusha wimbo taratibu na kuuendeleza upande wa pili. Tazama lebo: aghalabu utakuta Pt. 1 huku na Pt. 2 kule. Upande wa kwanza una beti na kisa chenyewe. Wa pili ni sebene: gitaa la solo linaachiwa uwanja, besi inachangamka, waimbaji wanabaki na kiitikio tu. Waliotaka kucheza waliweza kuanzia huko huko nyuma. Usishangae lebo ikitaja Nairobi ilhali bendi ni ya Tanzania, kwani nyingi zilitolewa huko.

Nimechomeka mashine kwenye sabufa, sauti inatoka nyembamba kama mbu. (Wasomaji kadhaa)

Umeruka kifaa kimoja. Santuri ikichongwa, besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isile nafasi, na sauti kali huongezwa. Kanuni ya kuzirudisha mahali pake, iitwayo RIAA, imekuwapo tangu 1954, na kazi hiyo hufanywa na amplifaya ndogo ya fono. Tazama nyuma ya mashine: kukiwa na swichi ya PHONO na LINE, iweke LINE. Isipokuwepo, nunua hiyo amplifaya. Na tafadhali, mashine isikae juu ya sabufa. Mtetemo utairusha sindano.

Ni kweli santuri ina sauti bora kuliko simu? (Msomaji, Arusha)

Si lazima. Albamu ya jazz "Kind of Blue" ya Miles Davis, ya mwaka 1959, ilirekodiwa kwenye mashine iliyokuwa ikienda polepole kidogo, kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka zikiwa juu kidogo ya sauti yake halisi. Hazikurekebishwa hadi toleo la 1992. Watu waliipenda hivyo hivyo kwa miaka zaidi ya 30. Mimi santuri naipendea zile dakika 20 za upande mmoja ambazo hakuna kidole kinachoruka wimbo.

Naenda Kenyatta Market, Nairobi. Nikague nini? (Msomaji, Nakuru)

Itoe kwenye kava, usinunue picha. Ilaze mkononi usawa wa jicho uone kama imepinda, kisha iinamishe kwenye mwanga wa jua. Mkwaruzo unaouona tu mara nyingi hausumbui, ila ule unaokwaruza ukucha utasikika. Ikiwa imefifia na kuwa kijivu, imechoshwa na sindano mbovu, na kuosha hakutasaidia. Muombe muuzaji aipige. Akikataa, shusha bei au ondoka. Na nunua angalau moja usiyoijua kabisa.

Mume wangu kajaza santuri chini ya kitanda. Niseme nini? (Dada wa Dar es Salaam)

Mwambie zinaharibika, atazitoa mwenyewe. Zikilazwa zikilundikwa hupinda, na kwa unyevu wa Dar ukungu utakula makava. Zinatakiwa kusimama wima, mbali na dirisha lenye jua la mchana, ndani ya rafu imara, maana santuri 100 kubwa zikiwa na makava hukaribia kilo 25. Rafu ailipie yeye.