Ndege Adimu Hawako Pwani Tu: Ushauri kwa Mnaoishi Bara la Uingereza

Dada mmoja anayeishi Coventry ameniandikia kuuliza kama ni lazima asafiri hadi pwani ya Norfolk au visiwa vya Uskoti ili aone ndege adimu, kwa kuwa jirani yake amemwambia kwamba kaunti za bara hazina kitu ila njiwa na kunguru. Swali hilo limenigusa, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi nilipohamia Leicester, na tangu hapo nimekuwa nikiyajibu kwa vitendo huko Rutland, kaunti ndogo ambayo haipakani na bahari upande wowote. Dada yangu, usiende mbali. Chagua maji mamoja yaliyo karibu nawe, uyashike, usiyaache.

Maji yangu mimi ni Rutland Water. Si ziwa la asili, bali ni bwawa lililotengenezwa katika miaka ya 1970 kwa kuziba mto Gwash karibu na kijiji cha Empingham, ili watu wa eneo hilo wapate maji ya matumizi. Upande wa magharibi, kule Egleton, palitengwa hifadhi yenye vidimbwi na vibanda vya kutazamia, na ndege hawakuchelewa kupajua. Wakati wa baridi bata hukusanyika hapo kwa maelfu, na kati yao hujitokeza wageni wa baharini, wakiwamo ndege wazamiaji wakubwa wa jamii inayozaliana Iceland na Greenland. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Ndege anayevuka nchi kavu usiku, akikutana na mvua au upepo wa kumpinga, hutafuta pa kutua. Pwani ana mahali pengi pa kuchagua, lakini huku katikati ya mashamba ya ngano ana maji haya tu. Kwa hiyo mtu wa bara haangaiki kupekua ufuo mrefu. Ndege aliyechoka anamfuata alipo.

Anayejulikana zaidi ni furukombe (kwa Kiingereza osprey), yule mla samaki mwenye mgongo wa kahawia, tumbo jeupe na utepe mweusi unaopita jichoni. Katika karne ya 19 alikwisha kutoweka England kama ndege wa kuzaliana, kwa kupigwa risasi na kuibiwa mayai. Mwaka 1996 makinda kutoka Uskoti walianza kuletwa Rutland, na mwaka 2001 jozi ya kwanza ikafanikiwa kulea kinda hapo. Kazi hiyo ilihitaji subira, kwa sababu furukombe mchanga akiondoka kwenda Afrika Magharibi hukaa huko karibu miaka miwili kabla ya kurudi kwa mara ya kwanza. Jike aitwaye Maya na dume mwenye pete ya mguuni namba 33 walianza kuzaa pamoja Manton Bay, ghuba ya bwawa hilo, mwaka 2015. Nimemwona furukombe akijitupa majini miguu ikiwa mbele, akainuka na samaki, akajikung'uta maji hewani kama mbwa, kisha akamgeuza samaki hadi kichwa kikaelekea mbele ili upepo usimzuie. Mtu anayeliona jambo hilo na bado akasema bara hakuna kitu, tatizo lake halimo katika ndege.

Sasa niseme habari ambayo kwa muda mrefu nimeinyamazia. Nimekulia kaskazini mwa Malindi, karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni, ambako ndege mweusi kwa mweupe mwenye miguu mirefu myekundu, myembamba kama njiti (kwa Kiingereza black-winged stilt), ni wa kila siku. Ndege huyo yuko pia kusini mwa Ulaya, na miaka mingine katika masika hupitiliza hadi Uingereza. Miaka michache iliyopita nilimwona mmoja kwenye kidimbwi kidogo cha bara, nikapeleka taarifa kwa wanaotunza kumbukumbu za ndege wa kaunti. Taarifa ilikataliwa kwa kuwa sikuwa na picha, na mhusika mmoja akaniuliza mbele ya watu kama sikuwa nikikumbuka tu ndege wa kwetu. Swali hilo bado linaniuma. Ndege niliyemtazama tangu utotoni, nikifundishwa na marehemu babu yangu aliyefanya kazi katika chumvi hiyo, ndiye niliyeambiwa kwamba simjui! Tena aliyeuliza ni mtu wa kanda hii, ambako ndege hao hao walizaliana mwaka 1945 katika shamba la majitaka la Nottingham, mbali kabisa na bahari.

Mei hii nimemwona tena, Egleton, akitembea polepole kwenye maji ya kina kifupi huku akidonoa wadudu. Nilichora umbo lake, nikaandika saa, mwanga, urefu wa miguu ukilinganishwa na mwili, na rangi ya mgongo, kisha nikawaita waliokuwa kibandani nao wakamwona. Taarifa imekubaliwa na jina langu limeandikwa. Ninajivunia, na sioni haya kusema hivyo.

Basi ushauri wangu ni huu. Rudi mahali pale pale, hata siku ambazo unadhani hakuna kitu. Wajue ndege wa kawaida mpaka usihitaji kuwafikiria, kwa maana mgeni hutambulika na yule anayewajua wenyeji. Andika papo hapo, si ukifika nyumbani. Usikimbilie kila habari unayoisikia ya ndege wa kaunti nyingine; wanaokimbia hivyo humkuta ndege ambaye mwingine amekwisha kumtafuta, wakapiga picha, wakaondoka bila kujua hata jina la kijiji walichosimama. Na usikubali mtu akuambie macho yako hayatoshi kwa sababu ulianza kuyatumia nchi nyingine. Ujuzi wa Gongoni ni ujuzi Rutland pia. Rudi pale pale, nasisitiza.

Panda treni hadi Oakham. Kutoka hapo Egleton ni mwendo wa miguu. Mwishoni mwa Aprili na katika Mei, upepo ukivuma kutoka mashariki na kukawa na manyunyu, tazama juu ya maji ya wazi uone membe weusi wakiinama kuokota wadudu. Agosti na Septemba, bwawa linapopungua na matope kujitokeza, watafute vitwitwi wanaorudi kutoka kaskazini. Ila furukombe huanza kuondoka mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo ukitaka kuwaona wakivua, nenda mapema zaidi, uingie vibanda vya upande wa Lyndon vinavyotazama Manton Bay.