Shangazi, Nimkopeshe Shemeji?

SWALI: Shikamoo shangazi. Ninauza nguo. Wageni wananilipa taslimu, lakini ndugu, kama shemeji yangu, na majirani wanataka niwapunguzie bei au niwakopeshe, na nikidai changu wananuna. Mume wangu anasema biashara haina undugu. Wenzetu wa mataifa mengine wanafanyaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo kasema nusu. Wateja wako wa mwanzo walitoka wapi kama si kwa hao hao ndugu?

Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, aliyefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand, huko Papua Guinea Mpya, kati ya 1915 na 1918, aliwakuta watu wakivuka bahari kwa mitumbwi kupelekeana mikufu na vikuku vya makombe ya baharini. Hiyo ni heshima, haina kuvutana bei. Unapokea leo, siku nyingine unarudisha chenye hadhi ileile. Lakini safari hiyohiyo ilibeba na bidhaa za kawaida, na hizo walizivutana hasa! Ila si na mshirika wako wa mikufu. Kwa biashara unamtafuta mwanakijiji mwenzake.

Sefrou, mji wa Moroko, mambo ni kinyume. Mwanaanthropolojia Clifford Geertz aliyelichunguza soko la huko aliona mnunuzi hazunguki ovyo. Ana muuzaji wake anayemrudia kila mara, maana sokoni ni vigumu kujua ubora wa kitu na bei yake halali. Na ni huyohuyo anayebishana naye bei bila haya. Kujuana hakumpi mtu punguzo la bure.

Kinachokuumiza wewe, nionavyo, si undugu bali undugu wa upande mmoja. Katika karne ya 11 wafanyabiashara Wayahudi wa Maghreb, yaani Afrika Kaskazini, walikabidhiana mali ng'ambo ya bahari, na barua zao nyingi zilihifadhiwa katika sinagogi moja la Fustat, Cairo. Mchumi Avner Greif alizisoma akaeleza hivi: wakala akimdhulumu mmoja, habari zinasambaa na wengine wote wanamsusa. Sasa deni la shemeji yako linajulikana na nani? Wewe na yeye tu, na kwa siri hiyo yeye ndiye anayefaidi.

Kwa hiyo mkopo uandikwe daftarini mbele ya mtu anayemstahi, mama mkwe wako kwa mfano (huyo atakusaidia kudai bila wewe kufungua mdomo). Na ukitaka kumtunza ndugu, mpe gauni zima, zawadi, lisiingie daftarini kabisa. Hizo nusu bei ziache, mwanangu. Hulipwi wala hushukuriwi.