Kuangalia Morse na mzee bila kusinzia

Nimekuelewa, mdogo wangu: mzee amestaafu, jioni zake ni za Inspector Morse, ile tamthilia ya Uingereza ya mpelelezi wa polisi aitwaye Morse, nawe unatamani kukaa naye ila usingizi unakubeba kabla muuaji hajajulikana.

Kwanza, usisubiri risasi na mbio za magari. Kipindi kimoja kinachukua karibu saa moja na dakika 40, na utamu uko kwenye mazungumzo. Mtazame sajenti Lewis, mtu wa familia, anavyomvumilia bosi wake mpweke, mpenda opera na bia, ndani ya ile Jaguar nyekundu mitaani Oxford. Morse hukosea, humshuku asiye na hatia, kisha neno dogo la Lewis linamfungua macho. Mimi na mama tulikuwa tunasimamisha video katikati, kila mmoja anamtaja mshukiwa wake na sababu zake. Jaribu hilo, mzee ataongea mpaka chai ipoe.

Tega sikio pia kwenye muziki wa mwanzo: ile milio mifupi na mirefu ni msimbo wa Morse, yaani herufi zinazoandikwa kwa milio, na unataja jina la mpelelezi wetu.

Vipindi viko 33, vya 1987 hadi 2000. Mnaweza kurukaruka, ila cha mwisho msikiguse mpaka mmalize vingine. Kinauma. Baadaye kuna tamthilia nyingine mbili: Lewis, ya yule sajenti, na Endeavour, ya ujana wa Morse.

Na kama mzee anaongeza sauti ya runinga kila wiki, usidhani ni lafudhi ya Waingereza tu. Mpeleke hospitali akapimwe masikio.