Kidhibiti cha I2C kilichokataa kulala

Betri niliyotarajia idumu wiki nzima ilikuwa inaisha kwa siku mbili. Bodi ilikuwa inaendeshwa na Linux, na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kidhibiti cha basi la I2C, yaani nyaya mbili ambazo vihisi hupitishia ujumbe, niliiandika mwenyewe. Niliamini kidhibiti kinalala kikikosa kazi, lakini kila nilipolifungua faili la power/runtime_status ndani ya /sys, saraka ambamo Linux huonyesha hali ya vifaa, nilikuta neno lilelile: active, yaani kiko macho.

Usimamizi huu wa umeme, unaolaza kifaa kisicho na kazi (runtime PM), uliingia kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 2.6.32, mwaka 2009, na msingi wake ni kuhesabu. Kila anayekihitaji kidhibiti anaongeza moja. Akimaliza anapunguza moja. Hesabu ikirudi sifuri, saa ya kidhibiti, yaani mapigo ya umeme yanayokiendesha, inaweza kuzimwa. Ukisahau kupunguza hata mara moja, kidhibiti kitakesha.

Mimi nilikuwa napunguza vizuri pale ujumbe ulipofika salama. Lakini kulikuwa na kihisi ambacho mara mojamoja kiliitwa kwa anwani yake kisiitike, na hapo msimbo wangu ulirudisha kosa ukatoka bila kupunguza. Kilichonifumbua macho ni faili la runtime_usage, linaloonyesha hesabu hiyo, na ambalo huonekana ukijenga kerneli na chaguo la CONFIG_PM_ADVANCED_DEBUG: kihisi kiliponyamaza namba ilipanda, wala haikushuka tena.

Kwa hiyo nakusihi, draiva yako uisome kuanzia kwenye makosa. Ifuate kila return (amri ya kutoka) iliyo katikati ya funksheni, ujiulize hesabu imebaki ngapi. Siku hizi mlango wangu wa kutokea kwenye funksheni ni mmoja, na goto (amri za kuruka) zote zinaelekea huko. Jihadhari hasa na pm_runtime_get_sync, funksheni ya kerneli inayoongeza hesabu na kukiamsha kifaa: hata ikishindwa kukiamsha kifaa, hesabu inakuwa imeshaongezeka. Afadhali pm_runtime_resume_and_get, iliyokuja na toleo la 5.10: ikishindwa, inaipunguza hesabu yenyewe.

Tena, pm_runtime_enable, inayowasha usimamizi huu, itangulie i2c_add_adapter, inayosajili basi, maana draiva za vihisi huweza kuanza kutuma ujumbe mara tu basi linaposajiliwa.

Usikimbilie pia kuzima baada ya kila ujumbe. Kwa kasi ya kilohezi 400, baiti tatu hupita kwa takriban mikrosekunde 70, hivyo kuamsha na kulaza kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Tumia autosuspend, inayosubiri kidogo kabla ya kukilaza kifaa, uweke muda wa kusubiri. Mimi nilianza na milisekunde 1000, nikawa napima mkondo wa umeme huku nikipunguza, hadi nikatulia kwenye 50.